Nusu ya Ganda la Mkate

4 Februari

Mdogo wangu,

Natumaini hujambo, na mlango wa tanuri haujakuunguza tena mkono. Mimi mzima. Kikohozi kilichonisumbua kimeondoka kama kilivyokuja, bila kuaga. Mama nimemwandikia barua yake peke yake, kwa hiyo usimruhusu asome hii halafu aseme nampunja. Shemeji msalimie sana, mwambie ule waya alionielekeza niliufunga mwenyewe na duka bado limesimama.

Kazi ni ileile, kuchanganya rangi za ukuta. Juzi alikuja bwana mmoja na kifungo cha koti, anataka sebule yake ifanane na kifungo. Nikamchanganyia mbele yake, tone kwa tone, naye kainamia kopo pua karibu iingie. Tulipomaliza akasema mkewe ndiye atakayeamua.

Sasa jambo lenyewe. Nimekutumia kifurushi, nacho ni cha mwanao, Kigoda. Mwenzangu wa stoo ana mke anayeuza virutubisho vya watoto wenye usonji. Kuna kopo la unga wa vitamini na madini, chupa ya mafuta ya samaki, na vidonge vya kutafuna. Huyo mama ananiambia kuna watoto walianza kuzungumza baada ya miezi miwili tu. Mimi si daktari, lakini mpwa wangu ana miaka saba na sijasikia sauti yake hata mara moja. Mpe. Havitamdhuru.

Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Unanijua mimi na simu.

Kuhusu chakula cha miaka sabini ya Mama, mwezi wa tisa, tutaona kazi itakavyokuwa.

Kaka yako


27 Februari

Kaka,

Sisi wote wazima. Mama goti linamsumbua asubuhi, ila mdomo uko salama, usiwe na wasiwasi. Shemeji yako amefurahi kusikia hujaunguza duka la watu. Mimi mkono ulishapona, nimeungua mwingine.

"Tutaona kazi itakavyokuwa." Kaka, duka la rangi lina dharura gani? Kila mwaka kazi yako inakuwa ngumu siku ileile Mama anapotandika meza. Haya, nimenyamaza.

Kifurushi kimefika, asante. Ngoja nikueleze hali ya mtoto maana naona unamjua kwa mbali tu. Jina la Kigoda halijabanduka, kwa sababu bado anakaa kwenye kile kigoda chake pembeni ya ubao wa kukandia, toka ninapowasha tanuri mpaka navua aproni. Hazungumzi, lakini usidhani hasemi. Akitaka kitu anakushika mkono anakupeleka. Mkate ukikaribia kuiva yeye ndiye wa kwanza kujua, anasimama na kuanza kupiga makofi taratibu, na mimi nafungua tanuri. Hajawahi kukosea. Wateja wanamwita fundi mkuu.

Tatizo ni chakula. Anakula ganda la mkate wangu, viazi vya kuchemsha vilivyomenywa, na maji. Basi. Kwanza kulikuwa na yai na ndizi, vyote akaviacha. Mwezi uliopita alikuwa anapanda ngazi tatu anakaa chini. Nikampeleka kwa daktari, wakampima damu, sukari, ini, figo, kila kitu. Sukari nzuri, figo nzuri. Madini ya chuma yako chini sana, na vitamini D pia. Daktari alinifafanulia vizuri: mwili wake haupati cha kutengenezea damu, ndiyo maana anachoka na kukosa usingizi. Akatoa dawa ya matone ya chuma. Akanionya kwamba matone yataponya upungufu, hayataondoa usonji, nisije nikachanganya hayo mawili.

Matone yenyewe ndiyo kazi. Nikileta kijiko anafunga mdomo mpaka midomo inakuwa myeupe. Juzi tulimshika, mimi na baba yake. Sitaki kukueleza. Sitarudia.

Ila mimi ni mwoka mikate, Kaka. Nina njia zangu.

Halafu nataka kukuuliza. Mama anasema hata wewe utotoni kukulisha ilikuwa vita. Mimi nilikuwa mdogo mno, nakumbuka vipande tu. Ni kitu gani kilikufanya ukaanza kula?

Dada yako


20 Machi

Mdogo wangu,

Salamu nyingi kwenu. Hapa kumekuwa na joto, rangi zinakauka kabla hujafunga kopo. Meneja mpya anataka tuvae tai. Nimevaa siku moja ikaingia kwenye kopo la kijani, sasa hatuvai.

Nimefurahi kusikia Kigoda anajua mkate ulioiva. Mwambie mjomba wake anajua rangi iliyokauka kwa kunusa, kwa hiyo ni mambo ya ukoo.

Matone ya daktari mpe, lakini na vile vya kwangu usiviache. Yule mama anasema kama hakuna mabadiliko mtu anaongeza kipimo kidogo. Ameanza kutoa sauti yoyote? Niandikie hata kama ni moja.

Kuhusu lile swali lako, sikumbuki. Ilikuwa zamani.

Kaka yako


15 Aprili

Kaka,

Tumepata barua yako, asante. Mama ameanza kufanya mazoezi ya goti, analalamika lakini anayafanya. Tumepaka tanuri udongo upya upande wa nyuma, lilikuwa na ufa. Bei ya hamira imepanda. Shemeji yako amepata kazi ya kuweka taa kwenye jengo la shule, anarudi amechoka.

Mtoto anaendelea vizuri. Mengine tutaandikiana.

Dada yako


12 Mei

Mdogo wangu,

Mimi mzima, natumaini na nyinyi. Sina habari za kazi leo.

Mwezi mzima nimekaa na barua yako. Wewe tangu ujifunze kuandika hujawahi kuniandikia chini ya kurasa tatu, na moja kati ya hizo huwa ni ya kunisema. Safari hii nusu ukurasa, hata kusemwa sikusemwa. Umenieleza habari za hamira. Mtoto umempa maneno matatu.

Kuna nini? Niambie hata kama ni vibaya.

Nilinyanyua simu jana, mkono ukagoma. Nimeona niseme hivyo ujue nilijaribu.

Kaka yako


2 Juni

Kaka,

Salamu utazikuta mwishoni, leo siwezi kuanza nazo.

Nilitia dawa kwenye mkate.

Nilidhani mimi ni mjanja. Nilijiambia, miaka yote hii naficha iliki, naficha maziwa, naficha chumvi, nitashindwa na unga wa kopo? Nikachukua unga wako, nikatia na matone ya daktari, nikakandia pamoja, nikafanya mkate mdogo wa peke yake. Niliongeza asali kidogo kufunika harufu ya chuma. Nikauonja. Kaka, mimi niliyeuoka sikusikia kitu.

Nilisubiri apige makofi. Hakupiga. Aliutazama ukitoka, akasogea, akanusa. Nikampa ganda. Alilitia mdomoni, akalitoa, akaliweka kwenye ubao taratibu kabisa, kama mtu anayerudisha kitu cha watu. Halafu akanitazama. Unajua yeye na macho ni nadra, lakini siku hiyo alinitazama usoni muda mrefu. Akaondoka na kigoda chake.

Kesho yake nikaoka mkate wa kawaida, mtupu, uleule anaoujua. Akaukataa. Nikaoka mwingine, akakataa, na mlango wa tanurini akawa hapiti tena. Kigoda akakipeleka uvunguni mwa kitanda. Nilipokuandikia kuwa anaendelea vizuri, alikuwa anaishi kwa viazi na maji. Sikuweza kuliandika hilo. Kila nikishika kalamu najikuta naandika habari za hamira.

Baadaye akaanza kunusa viazi. Kila kiazi anakigeuza, anakikwangua, anatafuta nimeficha nini humo. Mwisho navyo akaviacha. Alilegea, tukamkimbiza hospitali, wakamtundikia dripu, tukalala naye huko. Sasa tumerudi nyumbani. Kule hospitali walimrudisha kwenye viazi, lakini sharti amenye baba yake, mbele yake. Viazi vya mkono wangu hataki.

Daktari alitaka kuona kila kitu nilichompa, nikampelekea kopo lako, chupa na vidonge. Alivipanga mezani akasoma maandishi ya nyuma. Vitamini A ilikuwemo kwenye vyote vitatu, na ukifuata vipimo vyote anapata zaidi ya anachotakiwa kupata mtoto, na hiyo inadhuru ini. Tena wewe ukasema niongeze. Alisema hakuna kopo duniani linalofundisha mtoto kuzungumza, na anayesema hivyo anauza kopo. Hakunifokea. Ningefurahi kama angenifokea.

Kwa hiyo usitume tena. Nimekukasirikia wewe, na nimejikasirikia zaidi mimi. Damu yake bado iko chini na matone lazima ayapate, na daktari amesema tukishindwa kwa mdomo itabidi iwe kwa sindano kwenye mshipa, na yeye akiona tu koti jeupe anajigonga kichwa ukutani. Mwanangu hali mkate wangu, Kaka. Watu wanapanga foleni barabarani kwa ajili ya mkate huo na yeye anaupita ameziba pua.

Nilikuuliza swali ukasema hukumbuki. Wewe ambaye unakumbuka rangi ya mlango wa kila nyumba tuliyopanga. Nakuuliza mara ya pili.

Mama na shemeji yako wanakusalimu.

Dada yako


16 Juni

Mdogo wangu,

Nisamehe kwa yale makopo. Nilisikia neno "kuzungumza" nikafunga masikio kwa mengine yote. Nimemwambia mke wa mwenzangu alichosema daktari. Amenuna, na mumewe amenuna, stoo nzima imenuna. Poa tu.

Nakumbuka. Nakumbuka vizuri kuliko ninavyopenda.

Nilikuwa nakula viazi, kama yeye. Mama alikuwa anaogopa nitakufa, sasa naelewa, lakini wakati ule sikuelewa. Siku moja akaponda yai la kuchemsha akalifukia katikati ya kiazi, akakifunga tena vizuri. Nikauma. Watu wanadhani ladha ndiyo iliyonishinda. Mdogo wangu, si ladha. Kuna vitu vichache sana ambavyo vikikaa mbele yangu najua ni vyenyewe, havibadiliki, na kwa hivyo naweza kupumua. Kiazi kilikuwa kimoja. Baada ya siku ile, kila kiazi kingeweza kuwa na kitu ndani. Hata ambacho hakina kitu. Kigoda hakutazami kwa hasira. Anajaribu kujua kama wewe bado ni wewe.

Nilikaa bila kula mpaka wakaita watu. Unajua nani alinirudisha? Wewe. Ulikuwa na miaka mitatu labda, hukumbuki. Ulikuja chini ya meza nilikokuwa nimejificha, una kiazi mkononi. Ukakimega katikati, ukanionyesha pande zote mbili ndani. Nadhani ulikuwa unacheza tu. Nusu ukala wewe, nusu ukanipa. Nilikiona ndani kabla hakijafika mdomoni. Nikala. Kesho yake ukaja tena, na kesho yake tena, mpaka Mama akawa anaweka viazi viwili pembeni ya meza na kuondoka zake.

Ndiyo jibu la swali lako. Sikutaka kuliandika kwa sababu ningeandika hilo ingebidi niandike na mengine: kwamba chakula changu cha mchana ni kilekile mwaka wa kumi na mbili huu, nakila kwenye ngazi za nyuma nikiwa peke yangu. Kwamba kwa Mama siji kwa sababu watu wanapakuliana, mchuzi unamwagikia wali, kila mtu anasema onja hiki, na mimi natoka jasho mpaka kwenye soksi. Kazi haijawahi kuwa nyingi siku hiyo. Meneja hunipa likizo, nakaa nyumbani.

Sasa nisikilize, kama inafaa, na kwanza muulize daktari.

Mkate uache uwe mkate. Usitie kitu humo tena maisha yako yote, hata kizuri. Akuone unakanda toka mwanzo, unga, maji, chumvi, hamira. Ukitoka, umege mbele yake, umwonyeshe ndani, ule wewe. Usimpe. Usimwite. Kesho tena.

Dawa nayo iwe dawa. Iwe na chombo chake kisichogusana na chakula, rangi moja isiyobadilika, mahali pamoja, saa ileile. Chombo kikae hapo siku nyingi kitupu, akizoee. Aone inavyotoka kwenye chupa. Itakuwa na ladha mbaya, na itakuwa mbaya hivyohivyo kila siku, na yeye atajua. Kitu kibaya ambacho hakibadiliki, mimi na yeye tunakiweza. Hapa dukani sichanganyi rangi nyuma ya pazia. Nachanganya mbele ya mteja, ndiyo maana hata ikitoka sivyo anarudi kwangu.

Mkono umeniuma kwa kuandika. Sijawahi kumwandikia mtu barua hivi.

Kaka yako


3 Septemba

Kaka yangu,

Hatujambo sote, na leo salamu nazianza mwanzoni kama mtu mwenye adabu. Mama amekunja goti mpaka mwisho bila kelele. Shemeji yako anasema ukija atakagua ule waya.

Barua yako niliisoma tanurini, nikaungua mkono mwingine tena na mikate ikaungua pia. Nililia, nakwambia ukweli. Nilimsomea Mama ile sehemu ya kiazi. Akasema, "Nilidhani alisahau." Jioni alikwenda kulala mapema.

Nilimpelekea daktari mawazo yako. Aliyasoma mara mbili, akauliza huyu kaka yako anafanya kazi gani. Akapanga upya na mtaalamu wa lishe: matone ya chuma, vitamini D kwa kipimo chao, mwisho, hakuna kopo la tatu. Sindano ikaahirishwa, kwa sharti damu isishuke.

Nikachukua kifuniko cha njano cha chupa ya maji, nikakiweka dirishani jikoni, kitupu. Tanurini nikafungua mlango wote. Kila asubuhi nikakanda huku nimegeukia mlangoni, nikamega, nikaonyesha, nikala. Wateja walidhani nimeanza kuongea na upepo. Siku za mwanzo hakuna mtu mlangoni. Halafu miguu. Halafu yeye. Nimenenepa kwa maganda yako, Kaka, aproni haifungi.

Asubuhi moja kigoda kikarudi. Alikikokota mwenyewe kutoka uvunguni, akakiweka palepale. Nikamega, nikamwonyesha. Alitia kidole katikati ya mkate, akakizungusha, akanusa kidole. Akachukua ganda. Nikageuka nikajifanya natafuta chumvi, maana ungeniona uso ungecheka.

Matone yalichukua muda zaidi. Kifuniko alikuwa anakigusa kila akipita. Tukaanza na maji tupu, baadaye nikamwonyesha chupa, nikadondosha mbele yake. Siku ya kwanza alimwaga. Siku ya pili alimwaga. Ya tatu alikwenda kuleta kifuniko kingine, chekundu, akanikabidhi mimi. Nikaelewa anataka ninywe na mimi. Daktari kaniruhusu maji tu, basi nanywa maji huku nimekunja uso kama yeye, na yeye anakunja wake, na baba yake anatucheka mlangoni. Hajaruka siku tangu hapo, isipokuwa ile moja aliyokuwa na homa.

Tumepima damu wiki iliyopita. Imepanda. Bado haijafika pale wanapotaka, lakini imepanda, na sindano hawaizungumzii tena. Analala usiku. Ngazi za hospitali alizipanda zote, nikamkuta juu ananisubiri. Kuzungumza hajaanza, na sitafuti tena maneno kwenye chupa. Mtaalamu wa mazungumzo anamfundisha kuonyesha picha, na picha ya kwanza aliyoichukua mwenyewe ilikuwa ya mkate.

Sasa kuhusu chakula cha Mama, tarehe ishirini na saba. Nimeongea naye, na wazo ni lake, si langu. Kila mtu atajipakulia, atakayesema "onja hiki" atakula nje. Wewe na Kigoda mna meza yenu ndogo karibu na dirisha. Viazi vya kuchemsha, vimemenywa, kwenye sahani yenye vyumba, hakuna kinachogusa kingine. Mama atavimenya mbele yenu. Ameniambia nikuandikie hivyohivyo, "mbele yenu".

Hicho kilichokwaruza bahasha ni ganda la mkate, usilitupe. Wakati naandika nilimwonyesha picha yako, nikamwambia huyu ni mjomba, yeye ndiye aliyetuambia tumege. Sijui alielewa nini. Alichukua ganda lake la asubuhi, akalimega katikati, akanionyesha ndani. Nusu akala. Nusu akaiweka juu ya barua hii, na mpaka naandika haya hajaondoa mkono.

Dada yako